Kuiga kambi ya Iten katika shule ya kutwa: shajara ya mradi wa riadha, 2024–2025

17 Februari 2024: Tunaiga nini

Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, katika nyanda za juu za Mbulu. Wanafunzi wengi huja kwa miguu kutoka vijiji vya mbali na kurudi kwa miguu jioni, kwa hiyo pumzi wanazo kabla hata hatujawagusa. Tusichonacho ni uwanja wenye mistari, saa, viatu, fungu la michezo linalotosha, na mwalimu aliyesomea ukocha. Mimi nafundisha jiografia. Michezo nilikabidhiwa baada ya mwenzangu aliyekuwa akiisimamia kuhamishwa, na alichoniachia ni mpira mmoja uliopasuka na ufunguo wa stoo.

Tunayemwiga naye alikuwa mwalimu wa jiografia. Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyezaliwa mwaka 1948, alifika shule ya sekondari ya St. Patrick's mjini Iten, Kenya, mwaka 1976. Hakuwa na mafunzo ya ukocha, na hakuja na nia ya kukaa. Riadha pale shuleni ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, Bruda akairithi kazi. Mwaka 1988 Peter Rono, kijana aliyepita mikononi mwake, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 kule Seoul akiwa na miaka 21. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Mount St. Mary's, Maryland. Ibrahim Hussein, naye wa St. Patrick's, alipitia chuo kikuu cha New Mexico, kisha mwaka 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda New York Marathon. Wilson Kipketer, aliyekuja kuiwakilisha Denmark, alisoma hapohapo. Akafuata Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007 kule Osaka. Akafuata David Rudisha, aliyekuja kuvunja rekodi ya dunia ya mita 800. Kocha mmoja, mji mmoja, karibu nusu karne.

Watu wakiitaja Iten huanza na mwinuko wa karibu mita 2,400, wakamalizia na ugali. Mwinuko na sisi tunao, ugali ndiyo usiseme. Ninavyoisoma mimi kazi ya Bruda, tulichokikosa ni kalenda. Tangu mwaka 1989 amekuwa akiendesha kambi za vijana wakati wa likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba, akianza na wasichana. Muhula una vipindi, mitihani na zamu za usafi. Likizo ina siku nzima tupu. Mwanafunzi akirudi kambini likizo baada ya likizo, kocha anamwona anavyokua na hana haraka naye. Hilo halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji mwalimu asiyeondoka, na jambo hilo nitalirudia huko mbele maana ndilo gumu.

Ninaandika ili mwalimu mwingine aige bila kulipa ada tuliyolipa sisi. Gharama zote ni kwa shilingi za Tanzania.

9 Machi 2024: Uwanja

Uwanja wa kawaida wa mita 400 una pande mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila mmoja na kona zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Ukijumlisha na njia za kukimbilia unahitaji urefu unaozidi mita 160. Sisi tuna uwanja wa mpira na ukingo kidogo kabla ya korongo. Tukaamua mita 300: nyoofu mita 60 kila upande, kona mbili, njia nne.

Hesabu, kwa atakayeiga: mita 300 ukiondoa 120 za nyoofu unabaki na 180 za kona mbili. Gawanya kwa mara mbili ya pai, unapata nusu kipenyo cha mita 28.65. Huo ni mstari anaoukimbia mtu, si mstari unaouchora. Palipo na ukingo ulioinuka, urefu hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo. Palipo na mstari wa chokaa tu, sentimita 20. Kwa hiyo sisi tunachora kwa mita 28.45.

Kilichoharibika kwanza ni kamba. Tulinunua ya nailoni, tukaifunga mafundo kila mita kumi, tukapima nyoofu ya kwanza asubuhi kukiwa na ukungu na ya pili mchana jua limewaka. Kona ya kaskazini ilipokuja kukutana na nyoofu, ikaachana nayo kwa zaidi ya hatua moja kubwa. Kamba ilikuwa imevutika. Vijana walipendekeza tupindishe mstari kidogo "ili ukutane", na kwa macho isingeonekana, lakini uwanja wa namna hiyo hauna mita 300 tena na kila muda utakaoandikwa juu yake ni wa kubuni.

Fundi anayejenga choo cha shule alituazima futikamba ya chuma ya mita 30. Pembe za mstatili tulizipata kwa mita 18, 24 na 30, zile tatu-nne-tano za darasani mara sita, na wanafunzi wa kidato cha pili wakagundua kwamba Pithagorasi ana kazi. Kwa kona, tulipigilia kigingi katikati, msumari juu yake, pete ya futikamba kwenye msumari, mwanafunzi mmoja akazunguka na mwiko wa mwashi akikwaruza ardhi. Mistari ya nje inazidi mita 30, kwa hiyo futikamba haifiki. Tukakata fimbo ya mita 1.22, ambao ndio upana wa njia, tukawa tunapima kutoka mstari wa ndani kwenda nje.

Kosa la pili lilikuwa la kitabu. Mbio za mzunguko mzima, anayekimbia njia ya nje huanzia mbele ili wote wakimbie sawa. Kitabu nilichotumia kinasema njia ya pili isogezwe mita 7.04. Hiyo ni kwa uwanja wenye ukingo kwenye njia ya kwanza. Wetu hauna ukingo popote, kwa hiyo kila njia inasogezwa mita 7.67. Kwa hesabu ya kitabu, wa njia ya pili alikuwa akikimbia sentimita 63 zaidi ya wa njia ya kwanza. Binti mmoja aliyekuwa akipangwa huko kila mara ndiye aliyelalamika kwamba njia ya pili "ni ndefu". Tulimcheka. Alikuwa sahihi.

Mistari tulitaka kuichoma kwa oili chafu, maana inaua majani na kudumu. Mkuu wa shule alikataa kwa sababu kisima kiko chini ya uwanja, na alikuwa na haki. Tukachimba mfereji mwembamba kwa jembe, kina cha kidole, tukajaza chokaa. Inadumu kuliko kunyunyiza juu.

Chokaa 24,000, brashi 5,000, kamba isiyofaa 12,000. Jumla 41,000.

4 Mei 2024: Programu ya wakubwa

Nilipata mtandaoni ratiba ya mazoezi ya wakimbiaji wa kulipwa wanaokaa Iten: asubuhi mbio ndefu, saa nne mbio za kasi, jioni tena mbio nyepesi. Nikaipunguza kidogo, nikaibandika ukutani. Kufikia wiki ya tatu wengi walikuwa wanachechemea. Maumivu ya ugoko, ule mfupa wa mbele ya mguu, ukiubonyeza mtoto anaruka. Waliobaki walikuwa wanasinzia kwenye vipindi, na mwalimu wa kemia akaja ofisini na maneno ambayo sitayaandika.

Nikarudi kuangalia Bruda anafanya nini na vijana, si na mabingwa. Vijana wa umri wa sekondari kwenye kambi zake wanakimbia polepole kwa sehemu kubwa, na muda mwingi unakwenda kwenye mazoezi ya viungo na mwendo: kuinua magoti, kuruka, mikono ikae wapi, bega lisipande. Kundi dogo, watu wanakimbia pamoja kwa mdundo mmoja. Mtazamaji anaweza kuona kama wanacheza. Nami ndivyo nilivyoona hapo mwanzo, ndiyo maana nikaenda kutafuta ratiba ya wakubwa.

Tumeng'oa karatasi ukutani. Sasa ni siku nne kwa wiki. Kila siku dakika ishirini za viungo kwenye majani, pekupeku, kisha mbio ambazo mtu anaweza kuzungumza huku anakimbia. Kipimo chetu ni wimbo: kundi likishindwa kuimba, linapunguza mwendo. Kasi ni siku moja tu, na ni vipande vifupi vya mita 100. Tunahesabu na kilomita za kuja shule; hilo nalo sikuwa nimelihesabu, kwamba binti anayetembea kutoka bondeni ameshafanya zoezi kabla ya kengele.

Viatu vya mtumba kutoka Arusha, jozi sita, 108,000. Jozi mbili zilimfaa mtu. Ushauri: chora nyayo za watoto kwenye karatasi, zikate, nenda nazo sokoni.

22 Juni 2024: Kambi ya kwanza

Tulipanga siku kumi za likizo, wanafunzi 24, kulala madarasani, wavulana jengo moja na wasichana jingine chini ya matroni. Chakula ndicho kilichobeba bajeti. Unga kilo 120, 144,000. Maharage kilo 40, 100,000. Mafuta 60,000 na sukari 60,000. Mboga, nyanya na vitunguu 45,000, chumvi na majani ya chai 11,000, kuni 50,000, mpishi 100,000. Jumla 570,000. Wazazi 13 walitoa 10,000 kila mmoja, wengine wakaleta mahindi na maharage, zilizobaki zilitoka kwenye harambee ya walimu na mfuko wangu.

Baridi ya Juni huku si ya mchezo. Tulikuwa tumepanga kuanza saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ndivyo wakimbiaji wanavyofanya. Watoto walitoka wamejifunika mablanketi, misuli imekakamaa, mmoja akachanika paja kwenye mita 50 za kwanza. Tukasogeza hadi saa mbili, baada ya uji. Hakuna aliyepungukiwa chochote.

Tatizo kubwa lilikuwa orodha. Wasichana kumi waliandikishwa, wakaja wanne. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza nilimkuta mama yuko shambani, mikono hadi viwiko imejaa udongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, karibu. Najua kilichokuleta."

"Nimekuja kumwombea binti ruhusa ya kambi."

"Mimi sina ugomvi na kukimbia. Huyu anakimbia tangu anatambaa. Swali langu ni moja tu: vitunguu swaumu hivi viko ardhini, na mnunuzi anakuja Jumatano. Wewe utang'oa?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo kesho yake zoezi la asubuhi lilihamia shambani kwake. Vijana karibu ishirini, mistari yote ya vitunguu, kazi iliisha kabla ya chakula cha mchana. Alhamisi binti akaja na begi lake, na debe la vitunguu juu. Baada ya hapo tuliandika mashamba yote kwenye ratiba. Ni zoezi zuri la mgongo, na sitanii.

28 Septemba 2024: Saa zinazodanganya

Mvulana wa kidato cha tatu alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.9, pekupeku, kwenye majani. Shule nzima ilishangilia. Mimi nilishangilia kwa dakika tano, nikaanza kuona haya, maana muda huo kwa mtoto wa pekupeku kwenye majani hauaminiki.

Kilichotokea: aliyeshika saa alikaa kwenye mstari wa kumalizia na kuianzisha aliposikia filimbi. Sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mita 100 inachukua kama theluthi ya sekunde kumfikia. Hapo hapo alibonyeza kusimamisha mkimbiaji akiwa bado hajafika, kwa msisimko, na vilevile alikuwa anatumia simu ambayo kioo chake huchelewa kupokea kidole.

Marekebisho hayakugharimu sana. Mbao mbili zenye bawaba, zimepakwa rangi nyeupe ndani. Mwanzishaji anazigonganisha juu ya kichwa, wenye saa wanatazama mbao zinapokutana, hawasikilizi. Stopwochi tatu za vitufe, 45,000. Watatu wanapima mkimbiaji mmoja, tunachukua muda wa katikati. Wakiwa wawili tu, unachukuliwa ule mrefu. Muda wa mkono unaandikwa kwa sehemu ya kumi, na daima unapandishwa: saa ikionyesha 11.61, unaandika 11.7. Tena ukitaka kuulinganisha na muda wa mashine, kwa mita 100 ongeza sekunde 0.24.

Kijana yuleyule tulimpima upya. 11.7. Alinuna wiki nzima. Lakini kwa sasa daftari letu linaweza kuaminiwa na mtu wa nje, na muda wote wa kabla ya tarehe hii nimeupigia mstari mwekundu.

14 Desemba 2024: Wasichana

Lydia Cheromei alikuwa na miaka 13 aliposhinda mbio za nyika za dunia za vijana kule Antwerp mwaka 1991, miaka miwili tu tangu Bruda aanze kambi za wasichana. Ukiitazama historia ya riadha ya wanawake wa Kenya kabla ya hapo na baada ya hapo, unaona kwamba vipaji havikuzaliwa ghafla. Waliokuwapo walipewa likizo.

Sisi Desemba nusura tuwakose tena, maana mvua zimeshuka na watu wanapanda. Safari hii hatukubishana na kilimo. Tumegawa kambi: wavulana wanalala, wasichana wanakuja kutwa, saa tatu hadi saa saba, wanakula na kurudi nyumbani na mwanga. Wamekuja tisa kati ya kumi na mmoja.

Pingamizi lililobaki lilikuwa kaptula. Wazee wawili walisema wazi kwamba binti zao hawatakimbia mapaja nje. Kamati ya wazazi ilitaka nilumbane nao, matroni akanizuia. Alikwenda sokoni, akanunua suruali za kubana na fulana ndefu, akawashonea sketi fupi za kuvaa juu. Zinakimbilika. Kwa vipande kumi, 85,000. Akaongeza na taulo za kike kwenye sanduku la huduma ya kwanza, 18,000, bila kuniuliza, na mahudhurio ya wasichana yaliyokuwa yakikatika kila mwezi yakatulia. Mwalimu wa kiume anayeiga mradi huu asianze bila matroni. Namaanisha siku ya kwanza, hata kabla ya chokaa.

12 Aprili 2025: Kumhamisha mtu mbio

Rudisha alikuwa mkimbiaji wa mita 400, na kwa baba yake mbio hizo zilikuwa urithi: Daniel Rudisha alikuwa kwenye timu ya Kenya iliyopata fedha ya kupokezana vijiti 4 kwa 400 kule Mexico mwaka 1968. David alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Kimuron, Iten, alipofika kwa Bruda mwaka 2005 na kuelekezwa mita 800. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa vijana kule Beijing. Hata hivyo njia haikunyooka: 2008 aliikosa Olimpiki kwa jeraha, 2009 akatolewa nusu fainali ya dunia kule Berlin. Rekodi ya dunia ya mita 800 ya Kipketer, 1:41.11, iliyokaa tangu Agosti 1997, aliivunja Agosti 2010 kwa 1:41.09, na siku chache baadaye akakimbia 1:41.01. London, tarehe 9 Agosti 2012, ikawa 1:40.91. Kipketer na Rudisha wote ni watu wa Iten. Rekodi ilihama darasa tu.

Tuna kijana wa mita 400 ambaye huachwa kwenye mbio za mita 100 lakini hachoki mazoezini. Tukampeleka 800. Mara ya kwanza alimaliza kwa 2:16, nusu ya kwanza sekunde 58 na ya pili 78. Alianguka baada ya mstari, akasema hataki tena.

Tulichukua mgawanyo wa London tukauweka ubaoni. Rudisha alipita mita 400 kwa 49.28, nusu ya pili akatumia 51.63. Aliyekimbia kwa kasi kuliko wote duniani alipunguza kwa sekunde mbili na kidogo. Wetu alipunguza kwa ishirini. Hapo kijana mwenyewe akaomba kurudia.

Uwanja wa mita 300 unachanganya hapa. Mita 800 ni mizunguko miwili na mita 200, kwa hiyo wanaanzia mita 100 mbele ya mstari wa kumalizia, na alama za kila mita 200 haziko sehemu moja. Ya kwanza ni kwenye mstari wa kumalizia wenyewe, ya pili ni mita 100 kabla ya kuufikia tena, ya tatu ni pale alipoanzia. Kwa wiki kadhaa msaidizi wangu alikuwa akisoma saa kwenye mstari wa kumalizia kila kijana anapopita na kuuita "nusu". Ndiyo maana maelekezo yetu yalikuwa yanamchanganya. Sasa kuna vigingi vitatu vilivyopakwa rangi, kila kimoja na mtu mwenye filimbi. Anapiga kila baada ya sekunde 32. Kijana anajitahidi kuwa kwenye kigingi filimbi inapolia. Mara za mwanzo alifika sekunde tatu kabla, akasimama kusubiri, wenzake wakacheka. Baadaye akaacha kusubiri.

Jumamosi hii saa ya katikati ilionyesha 2:09.32. Tumeandika 2:09.4.

20 Septemba 2025: Kwa ufupi

UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, imepita. Binti wa njia ya pili aliingia timu ya mkoa, mita 1,500. Mwenzetu wa 800 aliishia wilayani. Kambi ya Juni iligharimu 610,000, bei ya maharage ikiwa imepanda.

Asubuhi ya tarehe 15 watoto walinijia na simu kabla sijaingia ofisini: Alphonce Simbu bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo, 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros wa pili, naye 2:09:48, wakitenganishwa na sekunde 0.03. Mvulana wa 11.7 akauliza kwa stopwochi zetu wangetenganishwaje. Wasingetenganishwa, nikamwambia, wangetenganishwa kwa macho ya mwamuzi kwenye mstari. Tumeanza kufundisha wanafunzi wawili kuamua nani kafika kabla ya nani kwa kutazama kifua, na wanakosea bado.

15 Novemba 2025: Sanduku

Sasa lile nililosema ni gumu. Bruda ni mtawa. Hana familia ya kuhamia nayo, hana barua ya uhamisho inayomjia Januari, na makazi yake yako palepale shuleni. Alifundisha pale, akawa mkuu wa shule palepale, akastaafu, na kambi zikaendelea. Mwalimu wa serikali hawezi kuiga hilo hata akitaka. Mimi nina miaka michache hapa na majina yanayohamishwa hutoka bila kubisha hodi.

Ila kazi ya Iten yenyewe ilianza kwa kukabidhiwa, Foster akamwachia mtu asiyejua ukocha. Kwa hiyo tunajiandaa kukabidhi. Tumenunua sanduku la bati, 35,000. Ndani yake: daftari la muda wote ulioandikwa tangu Septemba 2024, mchoro wa uwanja wenye vipimo, fimbo ya mita 1.22, mbao za kuanzishia, stopwochi, orodha ya bei za kambi, nyayo za karatasi, na majina ya wazazi na misimu ya mashamba yao. Ufunguo mmoja uko kwa matroni, mmoja kwa mwalimu wa hisabati ambaye ameanza kusimamia Jumamosi.

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kivuli bila kusema neno, yeye akaendesha zoezi lote. Alitumia mpangilio wangu wa viungo kwa dakika kumi, akaona wadogo wamechoka kusubiri zamu, akawagawa makundi matatu. Sikuwa nimefikiria hilo. Kisha akachukua mchoro wa uwanja, akauliza kwa nini mistari ya kuanzia mita 200 imesogezwa kwa mita 7.67 wakati mbio hizo, tunavyozianzisha sisi, zina kona moja tu. Inatakiwa nusu yake, mita 3.84 hivi. Tumeshachora upya upande ule, na muda wa mita 200 wa njia ya pili hadi ya nne umepigiwa mstari mwekundu.

Kambi ya Desemba inaanza tarehe 8. Walioandikishwa ni 31, wasichana 14. Unga umelipiwa nusu, mpishi amekubali bei ileile, na matroni amepata mtu wa kumsaidia. Kinachokosekana ni chokaa mifuko mitatu na 90,000 za maharage. Mwenye duka la pembejeo kijijini amesema atatukopesha chokaa ikiwa tutampakulia gari lake la mbolea, kwa hiyo Jumamosi ijayo zoezi ni saa moja asubuhi dukani kwake.